Sindano Inayoona Njia: Mwangwi wa Sauti na Betri ya Moyo



Mtu asimamaye usiku ufukweni Ruziba, kusini mwa mji wa Bujumbura, pale barabara ya Rumonge inapofuatana na Ziwa Tanganyika, huona taa za wavuvi zimetanda juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine uliojengwa ziwani. Wavuvi wale hawatupi nyavu gizani kwa kubahatisha. Huwasha taa, ndagala wakaufuata mwanga, ndipo wavu unapoinuliwa. Usiku wa mbalamwezi, mwezi unapozishinda taa zao, wengi hubaki nchi kavu, maana wanajua kwamba kazi isiyo na mwanga wake ni kuchosha mikono bure.

Leo twataka kuzungumza juu ya kazi nyingine ambayo kwa miaka mingi ilifanywa gizani. Ni kazi ya daktari anayetafuta mshipa wa damu chini ya mtulinga, yaani ule mfupa uvukao kutoka shingoni hadi begani, ili apitishe humo waya wa kifaa cha kuusaidia moyo. Huenda askari akauliza: jambo hili la mabingwa wa hospitali lanihusu nini mimi niliye kwenye kizuizi cha barabara? Lamhusu, tena kwa njia zaidi ya moja, kama itakavyoonekana.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba moyo una umeme wake wenyewe. Kila pigo huanzia sehemu ya juu, upande wa kulia, kisha amri hiyo hushuka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Njia hiyo ikichakaa kwa uzee au ikiharibiwa na ugonjwa, amri haifiki. Vyumba vya chini hujitahidi vyenyewe, lakini kwa mwendo wa taratibu mno, pengine mapigo 30 au 40 kwa dakika, na mara nyingine husita kabisa kwa sekunde kadhaa. Hapo ubongo hukosa damu na mtu huanguka, amezimia. Baada ya muda mfupi huamka, hajui kilichompata.

Mtu wa namna hiyo akianguka katika gwaride, wenzake husema amekosa chai ya asubuhi. Akianguka mara ya pili husema ana kifafa. Mara ya tatu hawakosekani watakaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba anakwepa zamu. Ilhali mtu huyo huenda ndiye dereva wa lori lililojaa askari, au ndiye mlinzi wa usiku mwenye bunduki iliyojazwa risasi. Hatusemi kwamba kila azimiaye ana ugonjwa wa moyo. La hasha, wengi huangushwa na jua, kiu au kusimama muda mrefu bila kutikisika. Lakini mtu azimiaye ghafla bila dalili ya kumtahadharisha, hata akiwa ameketi, naye ana mapigo ya taratibu, hapana budi apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo. Kuhesabu mapigo ya mkononi kwa dakika moja hakuhitaji mtambo wowote. Mganga wa kikosi aweza kufanya hivyo, na koplo mwenye saa aweza pia.

Dawa ya ugonjwa huo, unapokuwa wa kudumu, si vidonge. Ni kifaa kidogo ambacho watu wa Afrika Mashariki wamekizoea kwa jina la betri ya moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hicho ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm. Mpasuaji alikuwa Åke Senning, na aliyekitengeneza kifaa alikuwa mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa kile cha kwanza hakikudumu hata siku moja. Hata hivyo mgonjwa aliwekewa kingine, kisha kingine, hata akafikia 26, akaishi hadi mwaka 2001, mpasuaji na mhandisi wake wakiwa wamemtangulia kufariki. Betri za siku hizi za aina ya kawaida hudumu miaka ipatayo minane hadi kumi na miwili, na uzito wake hauzidi sana gramu 30. Iko pia aina kubwa zaidi, ambayo kazi yake ni kuushtua moyo uliopatwa na mapigo ya wazimu yawezayo kuua kwa dakika chache.

Katika kanda yetu hii mambo hayo si hadithi ya ng'ambo tena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huwawekea wagonjwa vifaa hivyo. Kadhalika hufanyika Nairobi na Kampala. Gharama ndiyo kikwazo kikubwa. Kuhusu hilo, Novemba 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Walichukua betri zilizokwisha kutumiwa na watu wengine, wakazisafisha na kuzipima upya, wakawapa wagonjwa wasio na uwezo wa kununua mpya. Wala hazikuonekana kuwa duni. Lakini betri iwe mpya au iwe ya kurithi, lazima waya wake ufike moyoni, na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Waya hupita ndani ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Vena kuu ya mkono hutoka kwapani, hupita juu ya ubavu wa kwanza, huingia chini ya mtulinga, kisha huteremka hadi moyoni. Aliyeonyesha kwamba vena hiyo yaweza kufikiwa kwa sindano chini ya mtulinga ni daktari Mfaransa, Robert Aubaniac, mwaka 1952. Naye alikuwa mpasuaji wa jeshi. Majeruhi aliyemwaga damu nyingi, mishipa ya mikono yake hulala kama mpira wa baiskeli usio na upepo, na sindano haipati pa kuingia. Bali vena ile ya chini ya mtulinga hubaki wazi kwa sababu imeshikwa na nyama na mifupa iliyoizunguka. Hivyo njia ambayo leo huwafaa wazee wenye moyo mchovu ilitafutwa kwanza kwa ajili ya askari waliojeruhiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibuniwa bomba nyembamba iwezayo kupasuliwa na kuondolewa baada ya kupitisha waya, na tangu hapo madaktari wengi wa moyo wakaishika njia ya Aubaniac kwa sababu ni ya haraka. Daktari aligusa mifupa kwa vidole, akakisia mahali pa mshipa, akachoma. Mkono wenye uzoefu ulipata mara nyingi. Lakini kukisia ni kukisia. Mahali pale vena, ateri na pafu wamekaa kama majirani watatu katika kiwanja kimoja cha Buyenzi, ukuta kwa ukuta. Sindano ikipita kando kidogo huingia katika ateri, mshipa wenye damu ya nguvu itokayo moyoni. Na kwa kuwa ateri hiyo imejificha nyuma ya mfupa, hakuna mahali pa kuibana kwa kidole ili damu ikome. Sindano ikizama zaidi hutoboa pafu. Askari aliyepata kumwona mwenzake aliyepigwa risasi ya kifua anajua maana yake: hewa huingia mahali isipotakiwa, pafu husinyaa, na mtu hutweta. Katika kuweka betri za moyo kwa kukisia, ajali hii imekuwa ikimpata takriban mgonjwa mmoja kwa kila mia. Mtu ataona ni wachache. Ni wachache, maadamu si baba yako.

Liko tatizo la tatu ambalo halionekani siku ile. Waya uliopitishwa karibu mno na kifua hubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Kila mkono unapoinuliwa mifupa hiyo huukaba waya kama koleo. Kwa mtu anayekaa ofisini huenda ikachukua muda mrefu. Kwa mtu apigaye makasia, alimaye, abebaye shanta au afanyaye mazoezi ya kujisukuma chini na juu, waya huchakaa na kukatika mapema. Hapo mgonjwa huanza tena kuzimia, akidhani betri imekwisha, kumbe ni waya.

Kabla ya sindano ilikuwako njia nyingine, nayo ipo hata leo: kuchana ngozi karibu na bega, kuitafuta vena ndogo ipitayo kati ya msuli wa bega na msuli wa kifua, na kuiona kwa macho. Hatupendi kuidharau njia hiyo. Pafu haliko karibu, ateri haiko karibu, wala haihitaji mtambo. Hospitali yenye mpasuaji hodari wa njia hiyo haina sababu ya kuona haya. Ila vena hiyo kwa watu wengine ni nyembamba mno isiweze kupokea waya mbili, na kwa wengine haionekani kabisa. Hapo daktari hulazimika kurudi kwenye sindano, na swali linabaki lile lile: ataona kwa nini?

Jibu lilianzia baharini, tena vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitafuta namna ya kuzigundua nyambizi za adui kwa kupeleka sauti majini na kuusikiliza mwangwi wake. Baadaye viwanda vikaitumia sauti kama hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1953, huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mtambo wa aina hiyo kutoka kwenye karakana ya meli ya Malmö, wakauelekeza kwenye kifua cha binadamu, wakauona moyo ukitikisika. Hata Ziwa Tanganyika limeijua sauti hiyo: katika miaka ya 1990 meli ya utafiti iitwayo Tanganyika Explorer ililizunguka ziwa hili ikipima wingi wa samaki kwa mwangwi. Ndagala wa Ruziba walipimwa kwa njia ile ile ambayo sasa hutumika kuutafuta mshipa.

Mashine hiyo sisi hapa twaiita ekografi, na wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita ultrasaundi. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mashine ya kutazama mishipa ya karibu na ngozi hutoa mitetemo kama milioni 10 kwa sekunde, nayo husafiri katika nyama laini kwa mwendo wa mita zipatazo 1,540 kwa sekunde. Mshipa ukiwa sentimita mbili chini ya ngozi, sauti huenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mashine huipima safari hiyo na kuigeuza kuwa picha. Damu huonekana nyeusi, nyama kijivu, mfupa huwa mstari mweupe wenye kivuli nyuma yake, na uso wa pafu hung'aa na kuteleza mbele na nyuma kwa kila pumzi. Hakuna mionzi kama ya radiografi. Kinachohitajika ni utelezi kidogo wa kupaka juu ya ngozi, maana sauti hiyo haipiti vizuri katika hewa.

Sasa tumtazame daktari kazini. Mgonjwa amelala chali, miguu imeinuliwa kidogo ili vena ijae; aliyekaa na kiu tangu jana huongezewa maji kwanza, kwa kuwa vena tupu haichomeki. Ngozi imesafishwa na kutiwa ganzi. Kichwa cha mashine, ambacho ukubwa wake ni kama wa mashine ya kinyozi, kimevishwa mfuko safi na kuwekwa chini ya mtulinga, upande wa bega. Viduara viwili vyeusi vinaonekana. Kipi ni vena, kipi ni ateri? Daktari hukandamiza kidogo. Vena hubonyea ikafumba. Ateri hukataa, nayo hudunda. Jaribio hili dogo lina thamani kuliko maneno mengi ya vitabu.

Kisha sindano huingia, na daktari huitazama kwenye kioo, si mkononi mwake. Dereva wa lori atalielewa jambo hili: anayejifunza kurudi nyuma kwa kutazama kioo cha pembeni hugonga ukuta mara kadhaa kabla ya mikono yake kuzoea. Kosa la wanaoanza ni kuona sehemu ya katikati ya sindano wakadhani ni ncha. Ncha imekwisha kupita, imefika ng'ambo, nao bado wanasukuma. Ndiyo sababu walimu husisitiza kwamba usipoiona ncha, usisukume. Ni kama shabaha: haitoshi kuiona bunduki, lazima uone mbele yake kuna nini.

Ncha ikiingia, damu nyeusi nyeusi hutoka taratibu bila kuruka. Waya mwembamba wa kuongozea hupitishwa ndani ya sindano kwa ustadi uliobuniwa na Sven Seldinger mwaka huo huo wa 1953. Mashine huuonyesha waya ukiwa ndani ya vena, halafu kwa radiografi daktari huufuata hadi uteremke chini ya moyo, upande wa tumbo. Ukiteremka huko kwa upande wa kulia amehakikisha kwamba hayumo katika ateri. Yaliyobaki ni bomba, waya wa umeme, kuupima, kuushikiza, na kuishona betri chini ya ngozi. Mwishoni kichwa cha mashine hurudishwa juu ya kifua: ule mstari unaong'aa ukiendelea kuteleza, pafu ni zima mahali pale.

Faida ya kuchoma nje ya mfupa, upande wa kwapa, ni kwamba matatizo yote matatu tuliyoyataja hupungua kwa pamoja. Pafu linaonekana, hivyo laepukwa. Ateri ikichomwa kwa bahati mbaya, yaweza kubanwa kwa mkono. Nao waya hauingii katikati ya lile koleo la mifupa. Mwaka 2021 vyama vya madaktari wa moyo wa Ulaya vilishauri kwamba vena ya kwapa, au ile ndogo ya bega, itangulizwe badala ya kuchoma chini kabisa ya mtulinga. Mashine si miujiza, lakini. Kwa mtu mnene mshipa huwa mbali na picha hufifia. Nyuma ya mfupa haioni kitu. Na daktari aliyejifunza juma moja si sawa na aliyefanya kazi hiyo mwaka mzima.

Hapa kuna jambo ambalo wakuu wa tiba jeshini wangefaa kulitazama kwa makini. Mashine za ekografi zimeenea katika hospitali kwa ajili ya kina mama wajawazito. Lakini kichwa kinachotazama mimba ni cha mviringo, cha kuona mbali. Cha kutazama mshipa ni bapa, cha kuona karibu kwa uwazi. Anayeagiza mashine akisahau kuagiza kichwa bapa, ameagiza nusu ya kazi. Aidha siku hizi zipo mashine ndogo za kubebwa mkononi zinazotumia betri. Askari wa Burundi walianza kwenda Somalia chini ya Umoja wa Afrika mwezi Desemba 2007, na waliohudumu kule wanajua majeruhi afikavyo akiwa amekauka, mganga akimchoma mkono mara tano bila kupata. Mkono uliojifunza kuupata mshipa wa mzee kwa utulivu hospitalini ndio utakaoupata wa majeruhi kwenye hema.

Tumalizie na mambo ya matumizi. Betri kwa kawaida huwekwa kifuani upande wa kushoto kwa mtu atumiaye mkono wa kulia. Askari au mstaafu anayelenga bunduki kwa bega la kushoto amwambie daktari kabla ya kuwekewa, maana daktari hawezi kubuni jambo hilo, na kitako cha bunduki hakipatani na kifaa kilicho chini ya ngozi. Mkanda wa shanta nao uangaliwe. Kwa majuma ya mwanzo mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega, ili waya using'oke. Simu isiwekwe katika mfuko wa shati juu ya kifaa. Iwe mbali kwa shubiri moja. Redio ya mkononi, ambayo polisi wengi huitundika begani, ina nguvu kuliko simu, kwa hiyo iwe mbali zaidi, na iwe upande mwingine.

Nanyi mnaopekua watu uwanja wa ndege, milangoni mwa ofisi na katika vizuizi vya barabara: mwenye betri ya moyo hupewa kadi yenye jina la kifaa chake na mahali alipowekewa. Akipita katika mlango wa kugundua chuma bila kusimama, hadhuriki, ingawa mlango waweza kulia. Kifimbo cha kugundua chuma ndicho kisichofaa kushikiliwa juu ya kifua chake, kwa kuwa hutoa uga wa sumaku uwezao kuivuruga betri kwa muda huo. Mzee akishuka katika basi la Rumonge pale Ruziba, akaonyesha kovu chini ya mtulinga na kadi yake, msidhani anatafuta upendeleo. Isomeni kadi, mpekueni kwa mkono, naye aendelee na safari.